Magoti ya Suruali

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi. Kila askari wa msitu wa mtoni alipoleta suruali iliyochanika magotini, Shangazi alimfokea: "Mtu mzima unatambaa kama mtoto mchanga?"

Juzi askari walimchoka, wakamwalika msituni, nami nikafuatana naye. Tulipita kwenye miti iliyopakwa tope la mafuriko hadi juu ya vichwa vyetu. Ghafla askari aliyetuongoza akapiga magoti, akatambaa chini ya matawi. Shangazi naye huyo, topeni, na gauni lake jipya! Mbele yetu fisi maji, yule mnyama wa mtoni mla samaki, na wanawe walikuwa wakiteleza ukingoni hadi majini, chubwi!

"Wewe! Usipumue!" Shangazi akaninong'oneza, kucha zake zikinichoma mkono.

Leo anashona suruali za askari zenye kitambaa maradufu magotini. Moja ni ya kipimo chake mwenyewe.