Kontena la Bi Futi

Jumamosi, tarehe tisa Machi. Manyunyu asubuhi, mchana jua kali la kuanikia nguo.

Fundi cherehani wa nyuma ya kituo cha mafuta haitwi na mtu kwa jina lake. Ni Bi Futi, maana futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kununua chumvi. Vipimo vya wateja wake amevitia katika kompyuta ya mtumba iliyo kando ya cherehani, kwenye hifadhidata aliyofundishwa na wifi yake, fundi wa kompyuta. Seva ya hifadhidata hiyo huendeshwa ndani ya kitu kiitwacho kontena: programu imefungwa peke yake na mahitaji yake yote, isiingiliane na mambo mengine ya kompyuta.

Mumewe aliposikia mara ya kwanza aliuliza, "Kontena? Mlilipitishia mlango gani?"

Jumamosi hiyo seva iligoma. Kila akiiwasha, inazima palepale. Vipimo vya kwaya nzima vilikuwa humo, na kwaya imeshasafiri. Itarudi siku ya tamasha na kupanda jukwaani moja kwa moja. Bila vipimo, hakuna joho hata moja. Akampigia wifi yake, naye akaja mbio.

"Wifi tunayo, mtandao hatuna," mume akatania mlangoni.

"Kaka, badala ya maneno lete chai." Wifi akainamia skrini. "Bi Futi, uliiambia ichukue toleo jipya?"

"Si nilidhani kipya kinyemi?"

"Ingawa kidonda! Toleo jipya halisomi mafaili ya toleo la zamani. Futa kontena, tuwashe jingine kwa toleo lile la kwanza. Bado limo kwenye mashine."

"Nifute? Na watu wangu?"

"Hawakai humo. Tuliwaweka kwenye folda ya nje."

"Na kama wamo?"

"Wifi, gauni likichanika, mwili umekwenda wapi?"

Bi Futi akacheka bila kutaka. Akaandika amri, akafumba macho, akabonyeza. Kontena likatoweka. Wifi akamtajia namba ya toleo la zamani, akamwonyesha pa kuitaja ile folda. Mistari ikapanda mbio kwenye skrini, ikatulia. Seva haikuzima. Akamtafuta mwimbaji wa kwanza: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Akamtafuta wa pili. Wa tatu.

"Wapo! Jamani, wote wapo!" Aliruka hadi kiti kikaanguka.

Mume akatokea na birika. "Nani kajifungua?"

"Mimi!" akajibu Bi Futi. "Nimezaa kwaya!"

Asubuhi yake, kabla hata ya kunawa uso, Bi Futi alinakili folda ile kwenye flashi. Kisha akalifuta kontena tena, makusudi, macho wazi. Akawasha jingine, akawakuta watu wake wote, akacheka peke yake. Ndipo akatandaza kitambaa mezani, akaanza kukata joho la yule bwana mnene wa sauti ya nne.