Kilo za Mama Mugeta

Kwa miezi tisa Robi alikonda na hakuna aliyemlaumu. Alivyozidi kwisha ndivyo ndugu wa marehemu mume wake walivyozidi kumheshimu. Walimtazama mashavu yamebonyea, mifupa ya shingo imetokeza, wakatikisa vichwa kwa kuridhika: huyu alimpenda Yusto wetu. Shida ilianza alipoanza kula.

Ni mzaliwa wa Kisorya huyu, binti wa mvuvi. Aliolewa na Yusto, fundi ujenzi wa kutoka Butiama, wakajenga vyumba vitatu Bweri, Musoma, na kuzaa watoto watatu, wa kwanza Mugeta, ndiyo maana mjini wanamwita Mama Mugeta. Mwaka wa kumi na moja huu anauza dagaa Mwigobero, na pale sokoni kila mtu anaijua sauti yake. Mteja akichambua dagaa kwa kidole kimoja kimoja, alikuwa anamwambia, "Baba, hao ni dagaa, siyo wachumba. Chukua uende ukale."

Kisha Yusto alianguka kazini mwezi wa tatu, presha, na gari lilipofika hospitali alikuwa ameshakwenda. Na ile sauti ikaenda naye.

Gauni jeusi la kuzikia alishonewa na wifi yake, Bhoke, dada wa Yusto, ambaye ana cherehani yake Bunda karibu na stendi. Kwenye ukoo wao mjane huzika kwa gauni hilo, na mwaka ukitimia hulivaa tena Butiama, siku ya kumaliza msiba, mama mkwe akamvua kitambaa cheusi kichwani watu wote wakiona. Mwezi wa tano wa msiba gauni lilikuwa linampwaya kama limetundikwa kwenye mti. Bhoke akalichukua, akalipunguza pande zote mbili.

"Wifi, umekwisha," alimwambia akilirudisha. Ilikuwa sifa.

Hakuna aliyeuliza kama analala. Halali. Hakuna aliyeuliza anakula nini. Anakula chai. Mpaka siku moja ya Desemba mvua ikashuka ghafla Mwigobero, dagaa wameanikwa ufukwe mzima, wanawake wakakimbia kukusanya kila mtu wa kwake. Robi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikaa hapohapo. Aliwatazama dagaa wake wanalowa na kwenda na mchanga kama ni wa mtu mwingine.

Gati, jirani yake wa meza, ndiye aliyemwinua. Mwanamke mfupi, mkono wake kama koleo. Akampeleka hospitali bila kumwomba ruhusa.

Daktari anaitwa Boniphace, kijana mpole, anaongea polepole kana kwamba kila neno analichuja. Alimuuliza usingizi, chakula, machozi, na kama anawazaga kufa. Robi alijibu yote akitazama sakafu. Nesi akampima uzito, akaandika kwenye kadi bila kumsomea. Daktari akasema ugonjwa wake una jina, ni sonona, na una dawa: kidonge kimoja kila jioni baada ya kula.

"Mdomo utakauka, mama. Mwanzoni utasinzia. Hamu ya kula itarudi, na mwili unaweza kuongezeka. Ukiona jambo lolote, usiache dawa mwenyewe. Njoo uniambie."

Katika yote hayo Robi alisikia moja tu, kwamba atalala.

Vidonge alivificha kwenye kopo la majani ya chai. Mjane na vidonge vya kila siku! Bweri nzima ingeshajijibu kabla haijauliza: virusi. Na angesema siyo vya hivyo, ni vya kichwa, ndiyo angeharibu kabisa, wangeanza kuwaita watoto wao ndani akipita.

Wiki ileile aliyoanza dawa alijipima kwa Makongoro, mnunuzi wa dagaa. Hapa lazima ujue habari za Makongoro. Ana mizani mbili za kukanyaga. Ile ya ndani ni ya kununulia, na gunia la mwanamke likipanda pale linapungua kilo bila kuguswa. Ile ya mlangoni ni ya kuuzia, na gunia lilelile likipanda pale mbele ya watu wa malori, linanona. Wanawake wa Mwigobero wanajua, wamegomba mpaka wamechoka, na Robi ndiye aliyekuwa akigomba kuliko wote. Siku hiyo alipanda ile ya ndani. Hamsini.

Dawa ikafanya kazi yake. Wiki ya tatu alilala mpaka jogoo wa jirani wakamaliza mambo yao. Mwezi wa pili alipika sato kwa nyanya na ugali, akala, akaongeza, watoto wakatazamana. Siku moja mteja akachambua dagaa kwa kidole na Robi akamfokea, na Gati akapiga makofi kama timu imefunga.

Mwisho wa Februari Bhoke alikuja Musoma kununua vitambaa, akapitia sokoni. Alisimama mbele ya meza muda mrefu bila salamu. Kisha akanyoosha mkono, akamfinya Robi juu ya kiwiko, vile mtu anavyopima ndama mnadani.

"Wifi! Umenawiri!"

"Shikamoo, wifi. Karibu."

"Marahaba. Kumbe Musoma kuna chakula. Sisi Yusto alipoondoka tulikonda, na hatujarudi mpaka leo." Akajipigapiga kiuno, ambacho hakikuwa na dalili yoyote ya kukonda. "Anakulisha nani?"

"Najilisha mwenyewe. Na dagaa hawa."

"Dagaa! Nimewala dagaa miaka arobaini, hawajawahi kunitoa mashavu hayo. Haya. Tarehe kumi na nne mama anakungoja Butiama. Watu watakuwa wengi. Nakuambia tu ili ujue utakavyotazamwa."

Alipoondoka, Robi alisahau kuwarudishia wateja wawili mifuko yao. Alijua Butiama watasema nini. Wasingesema amepona. Wangesema mwanamke huyu kanenepea kifo cha mwenzake, ama ana bwana, ama yeye ndiye aliyemla. Na wanae wako watatu, wa ukoo ule, na shangazi yao ana mdomo.

Akaenda kwa Makongoro. Mizani ya ndani ilikuwa imejaa magunia, akapanda ya mlangoni. Sitini na nne.

"Hongera, Mama Mugeta!" Makongoro akacheka. "Mwili umekubali."

Kilo kumi na nne kwa miezi mitatu. Kwa mwendo huo Butiama angefika na gari la mizigo. Jioni hiyo hakufungua kopo la majani ya chai, wala kesho yake.

Siku ya tatu kichwa kilianza kumzunguka. Siku ya tano usingizi ukaondoka. Siku ya saba alisonga ugali, akaupakua, akakaa mbele yake mpaka ukaweka ngozi, na mdogo wa Mugeta akamuuliza, "Mama, umeanza tena?" Siku ya nane Gati aligeuka kutoka kwenye meza yake, akamkuta juu ya ndoo.

"Mama Mugeta, mbona umekaa kwenye ndoo?"

"Nimechoka tu."

"Ulikuwaga umechoka hivyohivyo Desemba. Dawa unakunywa?"

Robi akatazama ziwa. Gati akafunika dagaa wa watu wawili kwa turubai moja, akamshika mkono uleule, wakaenda.

Nesi alimpima. Daktari Boniphace alisoma kadi. "Desemba hamsini na sita. Leo sitini na moja."

"Hiyo mizani yenu mbovu," Robi alisema, na kwa siku nane hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza lenye nguvu. "Nilianza hamsini, sasa ni sitini na nne. Nimejipima kwa Makongoro."

"Makongoro ni nani?"

Gati aliinama, akashika ukuta. Alicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni. "Ulipanda ipi? Mwanzoni ulipanda ipi, dada yangu? Ya ndani? Na ya pili?" Akashindwa kumalizia.

Robi alikaa pale akiwa na aibu mpaka masikioni. Miaka kumi na moja anamwita Makongoro mwizi wa mizani, halafu amempelekea mwili wake mwenyewe autie kwenye hesabu.

Daktari hakucheka. "Kilo tano ni kilo tano, mama, sitakudanganya. Mdomo ukikauka unakunywa nini?"

"Soda."

"Ngapi?"

"Mbili." Gati akakohoa. "Tatu."

"Acha soda, kunywa maji. Dawa rudia kesho jioni, kimoja, usifidie ulivyoruka. Tutapima kila mwezi, hapahapa. Mwili ukizidi kwenda, kuna dawa nyingine, tutabadilisha. Lakini usiniachie tena kimyakimya. Kabla ya msiba ulikuwa kilo ngapi?"

Robi alifikiri. "Sijui. Nani anajipimaga akiwa na raha?"

Zilibaki siku tano za kwenda Butiama. Alianza tena kidonge, na mambo hayakuwa mepesi, usingizi ulirudi kwa vipande. Jumamosi alilitoa gauni jeusi, akalivaa. Lilikwama kwenye mbavu, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Angeweza kulipeleka Bunda kwa Bhoke likafumuliwe, na Bhoke angefumua huku akitangaza. Angeweza kuacha kula siku zilizobaki. Hilo pia lilimpitia, na alijua lilipotoka. Mwishoni akachukua wembe, akakaa mlangoni kwenye mwanga, akaanza kufumua ubavu wa kushoto mwenyewe.

Nyuzi za Bhoke ni ngumu kama maneno yake. Zilipotoka, kitambaa kikafunguka, na kwa ndani Robi akaona mstari mwingine, wa matundu madogo madogo, na alama ya chaki iliyofifia kando yake. Ule mshono wa kwanza, wa siku ya mazishi. Akapachika pini kufuata matundu, kushoto, kulia, akavaa.

Zipu ilipanda mpaka juu. Hakuna palipobana, hakuna palipopwaya. Huu ndio mwili aliomzikia Yusto. Ndio Yusto aliouacha. Akalia, kilio cha kawaida tu, cha mtu aliyefiwa, kikaisha. Kisha akashona kwa mkono.

Butiama watu walikuwa wengi kweli. Walimtazama kuanzia viatu. Bhoke alimzunguka mara moja, akapitisha kidole ubavuni, kikasimama.

"Nani amefumua kazi yangu?"

"Mimi. Nimerudi kwenye mshono wako wa kwanza, wifi. Matundu yako yalikuwa palepale. Pindua uone."

Bhoke alipindua. Aliangalia kwa muda, maana ni fundi, na chaki ile aliijua. Wanawake wawili nyuma yake walinyoosha shingo.

"Mkono wako mbaya," alisema hatimaye. "Mshono umekwenda kama nyoka." Zaidi ya hapo hakusema, na kwa Bhoke hiyo ni hotuba.

Mama mkwe, Bibi Marieta, alimvua kitambaa kichwani, akakikunja, akakikalia. Watu wakaomba, wakaimba, wakala. Jua lilikuwa linashuka Robi alipomaliza chakula. Angeweza kwenda nyuma ya nyumba. Alifungua mkoba palepale kwenye mkeka, akatoa kidonge, akakiweka kiganjani.

"Ni cha nini hicho?" Bhoke aliuliza, kwa sauti ya kutosha mikeka yote.

"Cha huzuni. Bila hicho silali, wala siwezi kuwapikia watoto wa kaka yako."

"Ndicho kinachokunenepesha?"

"Kidogo. Ndicho."

Jikoni mtu akanong'ona, mwingine akaguna, na Robi alijua kabisa neno gani litatangulia kufika Musoma kabla yake. Kiganja hakukificha. Bibi Marieta alikitazama kidonge, akamtazama mkwewe mashavuni.

"Bhoke," alisema. "Mpe wifi yako maji."

Bhoke aliinuka taratibu kama aliyefungwa mawe miguuni. Alirudi na kikombe, maji nusu. Hakumpa mkononi, alikiweka chini kwenye mkeka, mbali kidogo.

Robi akainama, akakifikia, akameza.