Chumvi Niliyomwaga Shimoni

Kabla goti langu halijakataa nilikuwa mchimba dhahabu. Nilishuka kwenye maduara, ndivyo tunavyoyaita mashimo ya dhahabu, kuanzia Geita hadi porini nyuma ya Katoro. Goti lilipoharibika nikaanza kuchimba vyoo na visima vya watu. Sululu ni ile ile, kamba ni ile ile, na nilidhani akili inayotakiwa ni ndogo zaidi.

Mvua zilikuwa zimeshaanza mwaka ule mwenye nyumba mmoja wa Katoro aliponiita nimchimbie choo. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mtu mpole, anamalizia vyumba vya kupangisha. Alinionyesha mahali nyuma ya vyumba, karibu na ukuta. Upande wa pili wa ukuta, bondeni kidogo, alikaa mama mmoja mjane mwenye kisima. Bomba la mtaa lilikuwa likikauka mara kwa mara, na likikauka wanawake wote walikwenda kuchota kwake. Yule mama ni Msukuma kama mimi, kwa hiyo nilimwita mayu, yaani mama, na yeye akazoea kutupitishia chai juu ya ukuta kila saa nne.

Siku ya nne, nikiwa futi kumi na nne chini, sululu ilizama bila kelele. Udongo mwekundu ulikuwa umekwisha, nimeingia kwenye changarawe yenye unyevu. Nilichota kiganjani nikaiminya. Mwenzangu anayevuta kamba, mtu mzima kunizidi, akauliza kutoka juu mbona nimenyamaza. Nikamwambia nimekuta changarawe. Akasema vizuri sana, choo hakitajaa upesi, tajiri atafurahi.

Hilo ni kweli. Choo kilichofika kwenye changarawe hakijai, kwa sababu majimaji yake yanaondoka. Kila mwenye nyumba anapenda shimo la namna hiyo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa miaka mingi chini ya ardhi, na nilishaona maji ya duara la jirani yakitufikia kwa njia ya changarawe, umbali ambao huwezi kuamini. Nilipopanda juu nilihesabu hatua kutoka shimoni mpaka kisimani. Zilikuwa thelathini na moja, zote za kuteremka.

Nilimfuata mwenye nyumba nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Fundi," akasema, "wewe umeona changarawe. Mimi naona ukuta, na ng'ambo ya ukuta naona hatua thelathini. Malizia kazi."

Nikamalizia. Nilifika futi kumi na nane, nikatoka, nikasafisha vifaa, nikaambiwa kuwa baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, watakuja mafundi wa zege kufunika. Ilitakiwa niende Ushetu kwa mke wangu, tuna shamba huko. Sikwenda. Nilikuwa nikizunguka mtaani bila shughuli, nikisimama karibu na kile kisima kutazama ndoo zinavyopanda. Nikikaa nainuka. Nikienda kula narudi kabla sijashiba. Mwenzangu aliniuliza kama nadaiwa na mtu.

Mwishowe nilikwenda kwenye duka wanakonunua wafugaji, nikachukua mifuko miwili ya chumvi ya mawe, ile wanayolambishwa ng'ombe. Nilingoja mchana mmoja wa mvua kubwa, watu wote wako ndani, nikaimwaga yote kwenye shimo lile jipya na kuongeza ndoo nyingi za maji. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba kama mimi ni mwongo chumvi itabaki kule kule, na kama si mwongo nitaionja kwenye maji ya kisima.

Kuanzia kesho yake nilipita kwa mama kila asubuhi kuomba maji ya kunywa. Siku ya kwanza matamu. Ya pili, ya tatu, matamu. Niliyashikilia mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza, mpaka akaniuliza kama jino linauma. Siku ya saba nilianza kupata nafuu, na pia kuona aibu kwa kuharibu chumvi bure. Nikafunga mzigo wa kwenda Ushetu.

Siku ya nane nilipita kuaga, nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, sufuria la maharage mbele yake, halijaguswa. Akanimiminia chai. Sukari ilikuwamo, lakini nyuma ya sukari kulikuwa na kitu kingine. Sikuhitaji kuonja mara ya pili.

Alisema maji yamebadilika tangu jana. Wanawake wawili wamerudisha ndoo. Alisema anajua ni nani aliyemfanyia, ni jirani mmoja waliyegombana naye mwaka jana kuhusu foleni ya kisimani, na akimaliza kunywa chai anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumtaja. Aliongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kuamua. Nikamfikiria yule jirani akiitwa mbele za watu kwa kosa langu.

"Mayu," nikasema, "chumvi ni yangu."

Alinitazama. "Umenifanyia nini mimi?"

Nikamweleza yote, changarawe, hatua, mifuko miwili, mvua. Hakuelewa mara moja. Alidhani nimemwagia kisimani, na akanyoosha mkono akaninyang'anya kikombe. Nikarudia polepole. Nikamwambia sikugusa kisima chake, nimemwaga kule juu kwenye choo ambacho bado hakijatumika, na chumvi imetembea yenyewe. Nikamwambia kilichokuja safari hii ni chumvi tu, lakini Jumamosi choo kikishafunikwa na wapangaji wakahamia, kitakachokuja siyo chumvi.

Hakunishukuru. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akachota jagi moja, akaniambia nitangulie.

Mwenye nyumba tulimkuta anapima mlango. Alionja, akatema. Akatutazama wote wawili, kisha akaniuliza mimi, kwa upole ule ule, atajuaje kama sikuiweka kisimani kwa mkono wangu. Lilikuwa swali la haki.

Mama ndiye aliyejibu. "Kisima changu kina mfuniko wa bati na kufuli. Ufunguo hautoki shingoni mwangu, na kila ndoo inachotwa nikiwa nimesimama pale. Huyu aliingilia wapi?"

Mwenye nyumba alionja tena. Safari hii alimeza. Akakaa juu ya tofali, akauliza kama si pale, basi wapi. Nilimwonyesha kona ya mbele ya kiwanja, mbali kabisa na kisima, ambako alikusudia kujenga fremu ya duka. Akasema hapana. Akarudi kwenye mlango wake, nasi tukaondoka.

Siku mbili zilipita hivyo. Mifuko ya saruji ilikuwa imeshashushwa. Mama alikwenda kuomba maji mtaa wa mbali na ndoo yake kichwani, na akipita karibu yangu hakunisalimia. Ijumaa asubuhi mwenye nyumba akanipigia simu, akasema nilete sululu, tuanze pale kwenye fremu. Nilipofika sikuuliza kilichomgeuza, ila wakati nanyoosha kamba alisema mwenyewe kwamba tangu aanze kujenga, hata chai ya mafundi wake na yake yeye inapikwa kwa maji ya kule bondeni.

Shimo jipya niliishia nalo kwenye udongo mwekundu, futi tisa tu, tukalijengea kwa tofali na saruji. Litajaa mapema na litahitaji gari la kunyonya. Anajua, nilimwambia. Lile la kwanza nililifukia, nikishindilia kila futi mbili.

Ni wakati nashindilia ndipo mama alipokuja kusimama ukutani. Nilidhani ameleta chai.

"Vyoo vingine umechimba vingapi?" akauliza.

Nilisema sijui. Na kweli sikujua. Kwa miaka yote ile sikuwahi kupima hatua hata mara moja. Yeye akatikisa kichwa, akaenda zake. Maji yake yalirudi kuwa matamu baada ya wiki tatu hivi, wanawake wakarudi na ndoo zao, na siku moja alinisalimia kama zamani. Lakini swali lake halikuniacha. Mke wangu alilalamika kwamba siwezi tena kufika nyumbani kwa watu bila kuuliza wanachota wapi na choo kiko wapi, hata msibani.

Nikaanza kurudi nilikopita. Baadhi walinisikiliza, wengine waliniona nimechanganyikiwa au natafuta kazi. Masumbwe nilikuta vibaya kuliko kote: choo changu juu, kisima chini, hatua kumi na tisa, na changarawe niliikumbuka vizuri. Mwanamke mpangaji alikuwa akichota nilipofika. Nilimweleza, akanisikiliza akiwa ameshika kamba.

"Sawa, nimekuelewa," akasema. "Sasa tuchote wapi?"

Bomba la karibu lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, mbali, na halikuwa likitoa maji. Nilimwambia wachemshe yachemke kweli, wasichoke. Kisha nikaomba ruhusa kwa mwenye kiwanja, nikachagua mahali juu kabisa, upande usio na choo, nikaanza kuwachimbia kisima kingine. Nakwenda kila nikipata siku. Mpaka leo nimefika futi ishirini na sita, na udongo bado ni mkavu.