Gego la Daktari

Daktari wa meno hana swali mpaka kinywa chako kijae vyuma. Hapo ndipo huuliza, "Unapiga mswaki mara ngapi?" Wewe unaguna, yeye anakujibia, kisha anakugombeza kwa jibu alilolitoa mwenyewe. Ili kukuonyesha, mikono yake laini huyasugua kwa mswaki meno ya plastiki ya mfano, polepole, kuanzia kwenye ufizi, dakika mbili kamili kwa saa ya ukutani. Barakoa haimtoki hata akinywa chai. Huiinua kidogo, akapitishia kikombe upande wa kushoto tu. Karani wa mapokezi alidhani ni usafi, mpaka asubuhi moja alipoingia stoo kuchukua pamba, akamkuta bwana mkubwa amechutama nyuma ya maboksi, shavu limevimba kama puto, karafuu ameibana kwenye gego.

"Daktari, nikuandikishe kwa mwenzako wa chumba cha pili?"

"Yule? Ana mkono mzito yule! Na sindano zake... Hapana, litapoa lenyewe."

Akavaa barakoa, akamwendea bibi aliyekuwa akingoja kitini, akamjaza vyuma mdomoni. "Bibi yangu, umekaa na jino hili mpaka likaoza! Mtu mzima unaogopa nini?" Bibi akaguna tu, hakuwa na mdomo wa kumuuliza harufu ile ya karafuu inatoka wapi.