Tia kidole juu ya picha

Kitabu cha picha alichotoa binti yangu ndani ya mfuko wa shule kinanuka gundi na unyevu. Harufu ile ile ya kitabu cha utoto wangu. Vita vilikuwa vimetufukuza Oicha, tukasomea Butembo ndani ya kanisa, batoto wote juu ya kitabu kimoja kilichotoka Ulaya. Mchezo wetu ulikuwa huu: ukurasa ukifunguliwa, unatia kidole juu ya mutu na kusema, "Miye njo huyu." Ukitangulia, ni wako.

Siku moja nikatangulia. Nikashika msichana wa nywele za manjano na viatu vyekundu, miye niliyekimbia vita bila viatu.

Mwalimu, aliyetumwa kwetu kutoka jimbo lingine, akashika kidole changu akakivuta mpaka pembeni, juu ya mweusi mmoja tu wa kitabu kizima, aliyebeba masanduku ya wengine kichwani.

"Weye njo huyu, mama. Jiangalie kwanza."

Darasa likacheka. Naye mwalimu alikuwa mweusi kunipita.

Leo, ndani ya kitabu hiki chake, binti yangu ametia kidole juu ya mweusi wa pembeni, anayefagia. Hakuna aliyemvuta.

"Mama, miye njo huyu. Mwalimu wetu alisema."

"Na yeye mwenyewe, alisema ni nani?"

"Hakusema, mama."

Kesho nitaingia darasani mwake na kitabu hiki. Nitashika kidole cha mwalimu wake mbele ya batoto, kwa nguvu, kama changu kilivyoshikwa.

"Tuonyeshe, mwalimu. Na weye njo nani?"

Sitakiachilia mpaka ajibu.