Pini Nne Kwenye Picha ya Kifua

Katika karakana ya kushona sare za shule, hakuna aliyejisifia mapafu kama Mama Vifungo. Akimwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, cherehani saba zinazonguruma zilikuwa kama zimenyamaza. Basi lilipokuja gari la kupiga picha za kifua, kwa sababu mpiga pasi wao aliugua kifua kikuu mwaka uliopita akapona, yeye alipanga foleni kuwafurahisha wenzake tu. Hakohoi, hajakonda, na kila mwaka gauni analojishonea linazidi upana. Ana nini cha kutafutwa?

Akaambiwa avue kila kitu cha chuma. Akavua mkufu, akavua hereni, akatoa na funguo alizozificha kifuani. Akavuta pumzi, akaibana mpaka macho yakamtoka pima.

Dada wa mashine alikitazama kioo, akakitazama tena. Kwa adabu zote akamuuliza kama amewahi kumeza pini, maana alizihesabu nne, zimejipanga juu ya pafu la kulia kama askari wa gwaride.

Mama Vifungo akapapasa kola yake. Tangu mjukuu wake azaliwe, miezi mitano sasa, pini za kazi alikuwa akizichomeka ndani ya mkunjo wa kola zisije zikamdunga mtoto. Amezizoea hadi kuzisahau. Gari zima likacheka, naye akacheka kuliko wote. Picha ikarudiwa.

Kicheko kikaishia hapo. Pale pini zilipokuwa palionekana kovu jeupe, dogo kama kifungo cha shati.

Makohozi yakachukuliwa kupimwa. Siku mbili za kungoja majibu, Mama Vifungo hakumbeba mjukuu. Alimwimbia akiwa mlangoni, na mtoto akamnyooshea mikono na kulia. Siku ya majibu hata habari ya kovu hakuiuliza.

"Daktari, mjukuu wangu nimbebe au nisimbebe?"

"Mbebe, mama. Huumwi."

Ila, daktari akaendelea, huenda vijidudu vimelala pale tangu zamani. Mwenye kovu la namna ile yuko hatarini zaidi kuugua miaka ijayo kuliko mwenye picha safi. Si kwamba lazima augue, picha haipigi ramli. Lakini afadhali ameze dawa za kinga mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, kisha baada ya miezi sita apigwe picha nyingine.

Alirudi karakana amenuna. Alimlalamikia mpiga pasi kwamba kumeza vidonge bila ugonjwa ni sawa na kumfunga bendeji mtu ambaye hata hajajikwaa. Mpiga pasi hakubishana. Alinyoosha kidole kwenye kibao cha mlangoni, mwandiko wa Mama Vifungo mwenyewe: SARE IKICHAKAA KIWIKO, ILETE KABLA HAIJACHANIKA.

"Hayo ni ya nguo, wewe," alisema Mama Vifungo.

"Nguo unazionea huruma, mjukuu je?"

Mama Vifungo akakisoma kibao chake upya, neno kwa neno.

Jumatatu aliamuru cherehani zote zizimwe, akameza vidonge vyake mbele ya kadamnasi, akiwa amemkumbatia mjukuu kifuani. Mtoto akaikamata kola, akaitia mdomoni na kuitafuna kwa raha zake. Haikuwa na pini hata moja.