Leo Nimekosoa Kitabu Kipya Mbele ya Watu

Leo nimegombana na kitabu, tena kipya kabisa!

Vile vitabu tulivyovingoja tangu mavuno vimefika asubuhi kwa mashua. Vya kusoma, vimepigwa chapa kwa Kinyakyusa, si Kijerumani.

Nikakimbilia misheni na udongo wangu mikononi, maana nilikuwa nafinyanga.

Mwalimu anayevigawa akanitazama juu hadi chini.

"Hivi ni vya wanaojua kusoma, mama. Wewe utafunikia chungu?"

Watu wakacheka. Jamani, masikio yaliniwaka moto!

Lakini sikutoka. Hakujua kwamba binti yangu amenifundisha.

"Fungua popote, mwalimu."

Akafungua. Nikasoma kwa sauti, polepole, bila kuruka neno. Kicheko kikakatika.

Kumbe ukurasa wenyewe unaeleza ufinyanzi! Eti chungu kikishafinyangwa, kinachomwa siku hiyo hiyo.

Nikasema, "Hapa pamekosewa. Kikichomwa kibichi kitapasuka."

"Kitabu hakikosei!" akafoka mwalimu.

Wafinyanzi wenzangu waliokuwa nyuma wakapaza sauti kwa pamoja: "Kitapasuka!"

Akatutazama. Akautazama ukurasa. Akanikabidhi kitabu.

"Ndaga fijo," nikamshukuru, nikaondoka.

Sasa nimekaa nacho ufukweni. Lile kosa nimelikata kwa penseli. Zimebaki kurasa nyingi, na hamu imenishika kweli.

Nyie mngenyamaza?

Na anayesema mfinyanzi hasomi, aje hapa nimsomee.